Nyuki Kati ya Kuta Mbili za Chang'ombe

Vijana, kabla hujagusa ukuta wa mtu kwa tindo na nyundo, uliza kwanza nani aliujenga, na siku anaujenga alikuwa amenuniana na nani. Swali hilo halikuwamo katika mtihani wowote nilioufanya chuoni. Na mitihani nilifanya mingi, na sikurudia hata mmoja.

Naandika haya kwa sababu nimestaafu lakini simu haijastaafu. Kila wiki kijana mmoja ananipigia: "Mama Nyuki, shikamoo, nipo juu ya ngazi hapa Nzuguni, nyuki wanatoka kwenye ukuta, nifanyeje?" Mwanangu, shuka kwanza. Kazi hii huanzia chini, kwa kuzungumza na watu. Sasa nimeamua kuandika ili nisome magazeti yangu kwa amani.

Mimi ni mtoto wa Kolo, kule Kondoa. Niliondoka pale nikiwa na sanduku moja, nikaenda kusoma magharibi ya nchi kwenye misitu ya miombo, nikafanya kazi huko miaka mingi, nikarudi Dodoma na stashahada ya ufugaji nyuki. Darasani kwetu wanawake tulikuwa wachache, na katika kutafuta malkia hakuna mwanamume aliyenitangulia. Niliporudi, mji huu ulikuwa na watu wa kuua nyuki kwa mafuta ya taa na matairi ya kuchoma. Mtu wa kuwatoa wakiwa hai na kuacha nyumba imesimama nilikuwa mimi. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama Neema alinijia nyumbani asubuhi ya mwezi wa sita, amejifunga kitenge juu ya sweta kwa ajili ya baridi. Alisalimia, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema:

"Mama, nataka kurudi kwangu."

Nikadhani ni mambo ya ndoa. Nikaanza kumwambia mimi si mshenga.

"Hapana, mama. Ni nyuki."

Akakunja mkono wa sweta kunionyesha alipoumwa mwezi wa pili. Hapakuwa na alama tena, lakini alikuwa bado anapashika kama panauma. Aliumwa na nyuki mmoja tu. Mwili mzima ukavimba, koo likaanza kufunga, wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda akiwa hajitambui. Daktari akamwambia wazi kwamba akiumwa tena anaweza asifike. Tangu siku hiyo alikuwa analala kwa dada yake Nzuguni. Mumewe Yohana na binti yao wa darasa la nne walibaki Chang'ombe, hii yetu ya Dodoma. Mtoto alikuwa anamwona Jumapili tu, kanisani.

"Mtoto amejifunza kusonga ugali kwa kuangalia baba yake," akasema. "Ugali wenyewe unamwagika kama uji. Mama, nitoe hapo kwa dada."

Nikamwambia nitafika kesho alfajiri. Akashangaa: kwa nini alfajiri, na nyuki hutolewa jioni?

Hapa nitasimama kidogo niwafundishe, kwa sababu hili ndilo mnalouliza sana. Mlango wa nyuki si nyumba ya nyuki. Nililijua hilo kwa aibu, Nzuguni, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja iliyokuwa ikijengwa kidogo kidogo. Ninyi mnazijua nyumba hizo: ukuta umesimama, mabomba ya waya yamelazwa ndani, na umeme unangoja mwaka ambao Mungu atapenda. Nyuki walikuwa wanaingia kwenye tundu la swichi sebuleni. Nikatoboa pale pale, nikatoboa juu, nikatoboa kushoto. Patupu. Mwalimu akasimama mlangoni, mikono nyuma, akaniuliza kwa upole wa kuudhi: "Mama, kwani huyo unayemtafuta mlikubaliana mkutane hapo?" Walikuwa chumba cha tatu. Walipita ndani ya bomba la waya kama watu wa daraja la kwanza.

Aliyeniponya na ugonjwa huo ni Mzee Yosefu, Msandawe wa huko Chemba, aliyekuwa mlinzi wa mizinga kwenye kituo nilichofanyia kazi mara ya kwanza baada ya kurudi. Siku ya kwanza nilimwonyesha cheti changu. Akakitazama mbele na nyuma, akasema, "Kizuri. Kiweke mbali na moshi." Kisha akanifundisha shavu. Nyuki huyapasha joto majana yao, yaani watoto wao, usiku na mchana bila kupumzika. Asubuhi ya baridi ya Dodoma, ile ya mwezi wa sita na wa saba, ukuta wote ni barafu isipokuwa pale walipo watoto. Weka shavu, siyo kiganja. Kiganja cha mtu wa kazi kimekufa ganzi, lakini shavu linasema kweli. Siku hizi najua mna simu zinazoonyesha joto kwa rangi nyekundu. Vizuri sana. Betri ikiisha, shavu mnalo.

Ndiyo maana nilifika Chang'ombe kabla jua halijachomoza. Yohana alikuwa amekwisha amka, anapasha chai. Ni fundi cherehani, mwembamba, msemaji wa taratibu. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za kuchoma, ndefu, yenye milango miwili barabarani. Mlango wa kushoto ni kwa Yohana. Wa kulia una maandishi ya saluni ya kunyoa, na mwenye saluni ni Elia, mdogo wake Yohana wa tumbo moja. Kati ya milango hiyo, kutoka kwenye bati mpaka karibu na msingi, palikuwa na ufa ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Humo ndimo nyuki walimoingilia.

"Huu ufa umetokea lini?" nikauliza.

"Si ufa, mama," Yohana akasema. "Ni mpaka."

Nikamwomba anieleze, na akanieleza huku akiangalia sufuria. Baba yao alipofariki, wazee wa ukoo waliigawa nyumba katikati ya ukumbi. Kila mmoja ajenge ukuta kwenye mstari. Sasa Yohana hakutaka tofali lake likae juu ya mstari, maana Elia angesema ukuta ni wa wote wawili. Elia naye hakutaka lake likae juu ya mstari, kwa sababu hiyo hiyo. Kila mmoja akarudi nyuma kidogo, akajenga ukuta wake, wake peke yake. Katikati pakabaki nafasi ya upana wa kiganja, kutoka sakafuni hadi kwenye bati, urefu wa nyumba nzima. Na kwa kuwa nafasi ile haikuwa ya mtu, hakuna aliyeipiga lipu kwa mbele.

Vijana, mimi nimechora mizinga kwa kipimo na kuitengeneza kwa mikono yangu. Mzinga mzuri kuliko ule sijaujenga. Mkavu, mweusi, mrefu, umekingwa na upepo pande zote mbili, na kila ndugu anaulinda mwenzake asiuguse.

"Na mnasalimiana?" nikauliza.

"Kwenye misiba," akasema.

Nikaweka shavu ukutani, upande wa Yohana. Kulikuwa na uvuguvugu, lakini mdogo, umetawanyika kama joto la mtu aliyelala upande wa pili wa kitanda. Nilijua maana yake: masega yamegandishwa kwenye ukuta wa Elia. Ili uyatoe mazima, pamoja na watoto, ni lazima uingie kwa Elia.

Elia alinipokea vizuri. Mnene, mcheshi, aproni nyeupe. Akanipa kiti cha wateja. Lakini ukuta ule kwake ulikuwa na kioo kizima, kutoka kona hadi kona, na taa ndefu juu yake.

"Mama yangu, shikamoo tena. Kioo hiki kikitoka, mimi nanyoa kwa kupapasa. Kwani nyuki mlango wao uko wapi? Uko kwake."

"Mlango uko katikati."

"Basi nami niko katikati, sisemi neno. Mwambie kaka atoboe kwake, yeye ndiye mwenye mke anayeumwa."

Nilirudi kwa Yohana. Yohana akasema toboa kwangu. Na hapa, wanangu, ndipo nilipofanya kosa. Shavu lilikuwa limekwisha kuniambia. Nikajiambia kuwa mtu mwenye stashahada na uzoefu wa miaka yote ile anaweza kuwavuta nyuki upande wowote anaotaka. Nikapuuza.

Alasiri nilivaa ovaroli, kofia ya wavu na mabuti. Nikamwomba balozi awaambie majirani wafunge milango, mbuzi wahamishwe, bodaboda zisipige honi pale mbele. Msiruke hatua hiyo hata siku moja. Nyuki wetu wa nyanda za kati hawana mchezo, na mbuzi aliyefungwa kamba hawezi kukimbia. Elia peke yake hakufunga. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, akasema anamalizia.

Nikatoa tofali mbili kwa Yohana. Nikawaona: mapazia meupe na ya kahawia yananing'inia gizani, yameshikana na tofali za Elia kama nilivyojua. Nikapuliza moshi ili wasogee kwangu. Moshi ulipaswa kuwatuliza. Lakini Yohana alikuwa ameficha jambo. Wiki mbili kabla, alikuwa amenunua dawa ya kupuliza mende akamimina kopo zima ndani ya ule mpaka. Nyuki waliobaki walikuwa na hasira zao tayari. Hawakuja kwangu. Walitafuta njia nyingine, na njia ilikuwepo: tundu dogo nyuma ya kioo cha Elia, pale waya wa taa ulipopita.

Nilisikia kelele kwa upande wa pili. Kwanza sauti ya Elia: "Yesu wangu!" Halafu kiti kuanguka. Halafu mteja akatokea barabarani mbio, shuka limefungwa shingoni linapepea nyuma, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mmoja msitu. Hakusimama. Waliokuwa dukani ng'ambo walimpigia makofi. Jamaa huyo alikaa siku mbili na nywele nusu, anavaa kofia hata ndani ya nyumba, kwa sababu saluni ilikuwa imefungwa na hakutaka kinyozi mwingine amalize.

Elia aliumwa mara nne, mbili kwenye jicho. Nilimkwangua miiba kwa ukucha. Kumbukeni: kwangua, usibane, maana ukibana unamsukumia sumu yote. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba, jicho limefunga kabisa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama. Shemeji alivimba hivi?"

"Wewe umevimba jicho. Yeye alivimba koo."

Akalipapasa jicho lake. Baadaye akaniambia, "Kesho nitatoa kioo. Lakini tofali langu alitoe fundi, asiliguse kaka." Nikamwambia tofali lako halitaguswa na mtu asiyelipenda.

Ningeweza kulaumu dawa ya mende. Lakini mimi ndiye niliyepuliza moshi mahali pasipostahili, tena nikijua. Kijana akifanya kosa hilo leo nitamwelewa, mradi asilifanye mara ya pili. Mimi sikulifanya mara ya pili.

Siku iliyofuata kazi ilikwenda kama kitabu. Kioo kilitoka, kikafungwa mablanketi. Fundi, kijana mtulivu aitwaye Juma, alitoa tofali za Elia kutoka juu kwenda chini, moja moja, huku mimi nikituliza kwa moshi mdogo. Masega yalikuwa marefu kunizidi mimi. Yenye watoto niliyakata kwa kisu kirefu, nikayafunga kwa kamba za katani kwenye fremu, nikayapanga ndani ya sanduku la mzinga kwa utaratibu ule ule waliokuwa nao. Usichanganye utaratibu. Nyumba ikipinduliwa hata wewe ungehama. Malkia nilimwona kwenye sega la tano, mwekundu, anatembea bila haraka. Nikamtia kwenye kibweta chake, nikakiweka ndani ya sanduku. Wengine wakaanza kumfuata wenyewe, wameinua mikia, wanapunga mabawa mlangoni kuwaita wenzao. Juma aliacha kazi akaangalia. Hata mimi huacha kazi nikaangalia.

Asali ilikuwa nyingi na nzuri kwa macho. Yohana akaja na ndoo. Elia naye akaja na ndoo, kutoka mlango wake.

"Rudisheni ndoo," nikasema. "Kuna dawa ya mende humo. Tunaifukia."

Elia akamtazama kaka yake kwa jicho lile moja. Yohana akaangalia viatu. Tuliifukia yote, nyuma ya choo, shimo refu, na mawe juu ili nyuki wa jirani wasije kuinywa. Ningeweza kulia. Mkisikia mtu anasema atawapulizia dawa kwanza kisha awaite, mwambieni asiwaite.

Jioni, nyuki walipokuwa wamekwisha kuingia, nilifunga mlango wa sanduku, nikalipeleka shambani kwangu njia ya Kondoa. Walikaa. Mpaka leo wapo, na ni wakali.

Lakini kazi haiishi nyuki wakiondoka. Harufu ya nta hubaki, na kundi lingine likipita litaingia mwezi ule ule. Nafasi lazima iondoke. Kesho yake asubuhi nikawaita ndugu wote wawili na Juma mbele ya nyumba. Juma akagonga ukuta wa Elia, akasema umeshalegea kutoka juu, kuurudisha ni kujidanganya. Ubomolewe wote, ubaki mmoja, ule wa Yohana, upigwe lipu pande zote mbili.

Yohana akaupima ule mpaka kwa macho.

"Kwa hiyo," Yohana akasema taratibu, "kile kiganja anakipata yeye."

"Kwani nimekiomba?" Elia akasema. "Ukuta ni wangu unaobomolewa!"

"Na utaegemea wangu. Utapigilia kioo chako kwenye tofali zangu."

"Basi tubomoe wako, tuache wangu!"

"Wa kwako umelegea, amesema fundi."

"Uligawa hivyo hivyo mwaka ule, kaka, kila kitu mpaka vijiko!"

Watu walianza kukusanyika. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, lakini hayakuwa ya taaluma yangu. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimemkataza Mama Neema kusogea mpaka niwe nimekagua, kwa sababu nyuki waliopotea huzunguka siku moja mbili. Naye alitii. Alikuwa amesimama mbele ya duka la ng'ambo, kitenge kimefunika kichwa na mikono, na mtoto wake amevaa sare za shule, amemshika kiunoni.

"Baba Neema!"

Yohana akageuka.

"Miezi minne nalala kwenye kitanda cha watu. Kwa sababu ya nini? Nionyeshe kwa mkono wako. Nionyeshe upana wake!"

Yohana hakuinua mkono.

"Kiganja!" akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Nilitaka kufa kwa kiganja! Mpe mdogo wako. Mpe, nirudi nyumbani kwangu!"

Sijui watu wa nje ya Dodoma huamuaje mambo yao. Pale hakuna mzee aliyeitwa, hakuna kikao. Yohana akasugua shingo, akamwambia Juma, si Elia, "Haya. Bomoa. Achukue." Elia naye akamwambia Juma, "Mwambie nitapiga lipu ya pande zote mbili mimi." Wakaingia kila mtu mlangoni kwake. Juma akabaki katikati ameshika nyundo, ananitazama. Nikamwambia aanze.

Nilikaa pale mpaka tofali la mwisho likatoka. Nikakwangua nta kwenye tofali za Yohana, nikazichoma kwa moto wa mtungi mdogo wa gesi, nikapaka chokaa nzito. Ufa wa mbele ukazibwa kwa saruji na kokoto, siyo kwa saruji tupu, kwa sababu saruji tupu juani hupasuka, na nyuki huhitaji tundu la kidole tu.

Baada ya wiki moja nilirudi kukagua. Hilo pia ni sehemu ya kazi, na anayeliruka siyo mwanafunzi wangu. Nilimkuta Mama Neema jikoni, kitenge kiunoni, anapekua vyombo vyake na kulalamika kwamba hakuna sufuria hata moja iliyo mahali pake. Kila aliyoigusa ilikuwa na ukoko. Nikaweka shavu ukutani, juu, katikati, chini. Baridi kote. Nikasikiliza. Hakuna nyuki. Lakini ukuta ulikuwa mmoja sasa, wa tofali moja, na upande wa pili nilisikia mashine ya kunyolea inalia, redio, na mtu anakohoa. Vumbi la chokaa lilikuwa halijaisha. Alikohoa sana, mfululizo.

Mama Neema akaacha sufuria. Akausogelea ukuta.

"Pole, shemeji," akasema.

Mashine ikazimwa. Redio ikapunguzwa. Nilijifanya nafunga mkoba wangu, na kamba haikuwa na shida yoyote.

"Asante, shemeji," sauti ikasema. "Karibu nyumbani."